Nyumbani, Nyuma Yako

Hakikunidanganya, Idi. Nimekwambia mara ngapi? Kimashine hiki hakijawahi kunidanganya, hata siku ile ya ndege hakikunidanganya, na kama unataka tugombane mbele ya shehe na wajomba zako wote, haya, tugombane. Mimi sina pa kukimbilia, hata njia ya kutokea hapa siijui.

Ndivyo nilivyomjibu mwezi uliopita, makaburini, kijijini kwao huko Chemba. Idi ni mdogo wake marehemu Bakari, na Bakari ndiye aliyekuwa kaka yangu kwa kila kitu isipokuwa damu. Tulikusanyika kumsomea dua. Miaka imepita, watoto wa kijijini aliowaacha wakibebwa mgongoni sasa wanachunga ng'ombe. Ubani umeshawashwa, shehe ameshakohoa mara mbili kuashiria kwamba yuko tayari, na hakuna mtu anayejua kaburi ni lipi. Kibao cha mbao kililiwa na mchwa. Mvua zimesawazisha matuta, na makaburi mengine yameongezeka pembeni. Idi anasema ni hili hapa, mjomba anasema ni lile kule karibu na miiba, shangazi kwa mbali, kule walikobaki wanawake, anapiga kelele kwamba wote wawili wamekosea. Wote hao wana macho. Nikatia mkono mfukoni nikatoa kipokezi changu cha zamani, hiki cha jipiesi, na Idi akacheka kicheko cha puani. "Weka hicho kidubwana, Lameki. Si ndicho kilikupoteza hewani? Bakari mwenyewe alitusimulia, tukacheka mpaka machozi." Nikaona damu imenipanda. Unajua, mimi mtu akinicheka mwenyewe namsamehe kesho yake. Akicheka kitu nilichoachiwa na Bakari, hapo hatuelewani. Basi nikamsimulia, pale pale, nikiwa nimesimama, na sasa nakusimulia na wewe.

Mwaka ule wa ndege nilikuwa kijana wa ishirini na kidogo, nina mdomo mkubwa na sina kazi. Tulipanga chumba kimoja Miyuji, pale Dodoma mjini, mimi na Bakari, kwenye nyumba ya Mama Sesilia. Bati lilikuwa fupi kiasi kwamba ukinyoosha mkono juu ya kitanda unaligusa, na mchana linakuunguza vidole. Jiko la mkaa lilikaa mlangoni, sufuria ya ugali upande wa kulia, mboga upande wa kushoto, na ole wako uvigeuze. Mara nyingi mboga ilikuwa mlenda, kwa sababu mlenda haukudai meno wala pesa, na Bakari alikuwa akivuta tonge akisema, "Dogo, chakula hiki kinatuheshimu, kinajipeleka chenyewe." Bakari alipokea simu kwenye ofisi moja ya serikali pale mjini. Sauti yake ilikuwa nzito, ya pole pole, na wakubwa waliipenda kuliko sauti za wake zao. Mtu anapiga simu amekasirika, Bakari anasema, "Karibu," na yule mtu anasahau alichokasirikia. Wote wawili hatukuona. Yeye alizaliwa hivyo, mimi niliona kidogo utotoni kisha basi.

Kipokezi tuliachiwa na mgeni mmoja, naye haoni, aliyekuja kufundisha chuoni na mkataba wake ukaisha. Kilikuwa na ukubwa wa mche wa sabuni uliokatwa nusu, vitufe vichache, na spika ndogo. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa nacho juani wiki baada ya wiki, nikibonyeza na kusikiliza Kizungu chake, nikiuliza maana ya neno hili na lile kwa wanafunzi, kwa padri. Kinavyofanya kazi ni rahisi: kinasikiliza setilaiti, kama redio inavyosikiliza stesheni, halafu kinajua kiko wapi. Unasimama mahali, unabonyeza, unarekodi jina kwa sauti yako mwenyewe. Ukiwa mbali ukikiuliza, kinakurudishia ile sauti yako, kisha kinaongeza kwa Kizungu ni umbali gani na upande gani. Alama ya Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, karibu na reli, niliirekodi mimi, na ukiisikiliza vizuri nyuma yangu kuna mbuzi. Ile ya nyumbani aliirekodi Bakari, mlangoni kwa Mama Sesilia, kwa sauti yake ya simu: "Nyumbani. Karibu." Mama Sesilia alitusikia kupitia dirishani, akamwambia jirani yake, na nilisikia kila neno: "Wale wanafuga jini la Kizungu. Jana limewaambia tani lefti, wakageuka kushoto kweli." Jirani akauliza kama jini linalipa kodi. Bakari alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile kilichelewa kuisha, na ndio mwanzo wa mambo.

Lakini kwanza nikwambie ya kijiji cha Haneti, maana bila Haneti hutaelewa ndege. Tulikwenda kumzika mama wa rafiki yetu mmoja, tukapewa chumba cha kulala kwenye nyumba ya majirani. Alasiri nilitoka kwenda chooni peke yangu, najiamini, na wakati wa kurudi nikaingia zizini kwa watu. Ng'ombe wananipumulia shingoni, sijui mlango uko wapi, na nikikiuliza kipokezi nyumbani ni wapi, kinanipeleka Miyuji. Miyuji ni mwendo wa saa nyingi kwa gari, mimi nataka nyumba iliyo hapo hapo. Niliogopa, sikufichi. Ng'ombe ana pembe na hajui kwamba huoni. Mzee mmoja ndiye aliyenitoa kwa kunishika mkono, anacheka, ananiambia pole. Baada ya hapo nikaweka sheria, nikamwambia Bakari kwa ukali kama mwalimu mkuu: popote tutakapolala, kabla hujavua viatu, unahamisha Nyumbani. Sauti inabaki ile ile, alama tu ndiyo inahama. Akaniuliza, "Na kule Miyuji je?" Nikasema ukirudi unairudisha. "Nyumbani ni pale utakapolala, basi." Akasema, "Sawa, mwalimu. Ila hicho kinakufikisha mlangoni tu. Kitasa utakitafuta mwenyewe." Hilo la kitasa alikuwa halichoki.

Masika yalipoanza kukolea Bakari akawa hawezi kupanda kilima kidogo cha kwenda kwetu bila kusimama. Usiku nilimsikia anakaa kitandani ili apumue. Unalala kitanda cha pili, unahesabu pumzi za mwenzako, na pumzi moja ikichelewa moyo wako nao unasimama. Hospitali ya mjini wakasema aende Dar, moyo unahitaji kupimwa na mashine zao, na asipande basi, barabara ni ndefu. Treni hii ya umeme ilikuwa bado. Wenzake wa ofisini wakachanga tiketi za ndege, ya kwake na ya kwangu. Kwenda tulikwenda salama, tena nilishika kipokezi dirishani kama mfalme. Dar tukafikia gesti moja, na mimi nikaanza kugombana na mwenye gesti tangu mlangoni kwa sababu aliuliza nani atatulipia hasara tukivunja vyombo. Siku mbili tulikuwa tunachukuliwa na gari na kurudishwa. Daktari alikuwa kijana, alizungumza akinielekea mimi kana kwamba Bakari ni mzigo niliouleta, na alichosema kwa ufupi ni kwamba moyo umechoka, dawa hizi anywe, na wamrudishe kwao. Nje, kwenye benchi, Bakari akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na Dar jua linawaka. "Lameki. Mimi sitaki kufia ugenini. Nimepokea simu za namna hiyo nyingi mno. Mtu anauliza maiti iko wapi, unamwunganisha huku, unamwunganisha kule, hakuna anayejua. Nifikishe nyumbani." Nikasema nitakufikisha. Nilisema kwa hasira, maana nikiogopa ndivyo ninavyoongea.

Sasa uwanja wa ndege. Wewe mwenye macho unaingia, unasoma ubao, unafuata watu. Sisi tuliwekwa kwenye viti, tukaambiwa subirini hapa, na aliyesema hivyo akaondoka na harufu yake ya manukato, hakurudi. Ndege mbili zikatangazwa karibu pamoja, yetu ya Dodoma na nyingine ya Mbeya, na kipaza sauti kinakoroma. Watu wanasimama, mabegi yanaburuzwa. Nikaita, "Jamani, sisi je?" Mkono ukanishika kiwiko, mkono wa mwanaume, si wa yule wa mwanzo. "Twendeni, wazee wangu, ndege yenu hiyo." Nikamwuliza ndege gani. Akasema, "Hiyo hiyo." Tukatembea kwenye lami ya moto, upepo wa mapangaboi unatupiga, tukapanda ngazi. Hiyo hiyo ipi? Nilikwenda na swali hilo mpaka kwenye kiti.

Mhudumu akataka kutukalisha mbali na dirisha. Nikamwambia nataka dirishani. Kijana wa nyuma yangu akasema, si kwa kunong'ona sana, "Kipofu dirisha la nini tena?" Nikageuka. "La kukutupia wewe." Bakari akanifinya paja. Mama mmoja aliyekaa upande wa pili wa njia akacheka, akasema, "Mpeni mtoto wa watu dirisha lake," nikapewa. Kwenye dirisha ndiko kipokezi kinakosikia setilaiti. Katikati ya ndege ni sawa na kuwa ndani ya sufuria. Mhudumu alikiona, akauliza nini hicho, nikamweleza kwamba kinasikiliza tu, hakirushi kitu. Akaenda kuuliza mbele, akarudi akasema, "Tukishapanda juu utawasha. Tukianza kushuka nitakwambia uzime." Dada mwenye adabu, simlaumu kwa lolote.

Tukapaa. Masikio yanaziba, tumbo linabaki chini, na Bakari ananivuta shati. Kupumua kwake kulikuwa kama mtu anayesugua sakafu na brashi. Ndege ilirushwarushwa, mvua ilikuwa inapiga mabawa. "Tuko wapi?" akaniuliza. Nikawasha, nikakiegemeza kwenye kioo, nikasubiri. Kikapata. Nikauliza nyumbani. Sauti ya Bakari ikatoka taratibu, "Nyumbani. Karibu," kisha lile jini la Kizungu likasema ni kilomita sitini, nyuma yako.

Nyuma yangu.

Nikafikiri nimekosea kitufe. Nikauliza tena. Nyumbani, karibu, kilomita zimeongezeka, nyuma yako. Kila nikiuliza, zinaongezeka. Tulikuwa tunakwenda, mwendo wa ndege, na kila dakika nyumbani kunazidi kubaki nyuma. Hiyo hiyo. Ule mkono wa kiwiko ulituweka kwenye ndege nyingine. Tunakwenda Mbeya au tunakwenda sijui wapi, hatuna ndugu huko, dawa ziko kwenye begi lililopakiwa chini, na mtu wangu huyu anasugua sakafu na pumzi zake. Akifia huko ni nani atakayepiga simu, na apige wapi? "Mbona unanyamaza?" Bakari akauliza. "Wewe hujawahi kunyamaza." Nikasema kinatafuta setilaiti.

Nikamwita mhudumu. "Dada, hii ndege inakwenda wapi?" Watu wakaguna, wengine wakacheka. "Dodoma, kaka yangu," akasema, kwa sauti ile laini. Sauti ile ndiyo iliyonimaliza. Wewe huijui. Ni sauti ambayo watu wanatumia kutuambia tumefika wakati hatujafika, chakula kinakuja wakati hakuna anayekipika, daktari atakuja sasa hivi. Watu wananidanganya kwa huruma tangu nikiwa mdogo. Mashine haina huruma, kwa hiyo mashine ndiyo niliyoiamini. Nikafungua mkanda nikasimama, kichwa kikagonga dari. "Nataka kuongea na rubani. Mmetuweka ndege siyo. Mtu huyu ni mgonjwa, anatakiwa kwao, nimeahidi." Ndege ikatikisika, nikamwangukia Bakari. Yule kijana wa nyuma hakucheka tena, nikamsikia anamwuliza jirani yake, kwa sauti ndogo, "Kwani hii si ya Dodoma?" Jirani akaanza kupekua tiketi yake, nilisikia karatasi. Nje, nadhani, walikuwa wanaona mawingu matupu. Hofu ikatembea kiti kwa kiti, niliisikia inavyotembea: mikanda inakazwa, mtu anaanza kusali. Mama wa upande wa pili akasema, "Baba, kaa chini, unatutisha." Mhudumu akaja, sasa sauti si laini. "Kaka, kaa, au nakichukua hicho kifaa." Nikamwambia akichukue akiwa amenikata mkono kwanza.

"Kimesemaje?" Bakari akauliza. Hakupandisha sauti. Alikuwa ameishika mikono yangu yote miwili. "Niambie kama kilivyosema. Usinifanyie kama wanavyotufanyia."

Nikamwambia. Nyumbani iko nyuma, kaka. Tunaiacha. Nilipomaliza sikusikia kitu, hata brashi ilisimama, nikadhani ndio basi, nimemuua kwa mdomo wangu. Halafu akavuta pumzi.

"Nyumbani ipi?" akasema. "Mimi niliihamisha. Siku ile tulipofika gesti, wewe ulinishikisha hicho ukaanza kugombana na yule bwana. Ulisema kabla ya kuvua viatu. Nikahamisha kabla ya kuvua viatu."

Nilikaa. Kipokezi kilikuwa kinanipa gesti ya Dar, kwa uaminifu wote, jinsi nilivyokiagiza mwenyewe kwa sheria yangu mwenyewe. Nikabonyeza kutafuta alama ya Ihumwa. Ilichukua muda, na katika muda ule niliogopa kuliko pale mwanzo, kwa sababu sasa nilikuwa natumaini. Kisha nikasikia sauti yangu, na mbuzi nyuma yangu: "Ihumwa, relini." Mbele yako. Nikauliza tena, zimepungua. Mbele yako. Nikasema kwa nguvu, ndege nzima isikie, "Ni Dodoma, jamani. Tunakwenda Dodoma." Mama wa upande wa pili akasema, "Tunashukuru, rubani," na hapo watu wakacheka kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuwa wameshaanza kuaga. Bakari alicheka akiwa ameniegemea begani. Mhudumu akasema sasa zima, tunashuka, nikazima bila ubishi. Tulishuka ndani ya upepo, ndege inayumba kama mlevi, na mimi sina sauti yoyote ya kuniambia niko wapi zaidi ya pumzi zake. Magurudumu yalipogonga chini Bakari akasema, "Tafuta kitasa."

Aliishi mpaka mavuno ya uwele. Alifia Miyuji, kwenye kitanda chake, mlenda wake wa mchana ukiwa bado una joto, na mimi nilikuwepo. Mama Sesilia ndiye aliyemfumba macho, maana mimi sikujua kama yalikuwa wazi. Tukamleta Chemba. Walipomaliza kufukia nilipiga magoti upande wa kichwani, nikapapasa, kulikuwa na jiwe lenye kishimo katikati, kinaingia ngumi. Nikatoa kipokezi. Idi alikuwepo, aliniona, akadhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Nilihamisha Nyumbani, na tangu siku ile sijaihamisha tena. Si ndiyo ilikuwa sheria? Kabla hata sijavua viatu.

Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipomaliza kumsimulia haya yote, Idi alikuwa bado anabisha, ila kwa sauti ya chini. Akasema, "Sawa. Lakini mwenyewe uliwahi kusema kinakosea hatua chache. Hatua chache hapa ni maiti ya mtu mwingine." Hoja yake ilikuwa nzuri, sikumnyima. Nikamwambia anishike bega anifuate. Tukapita kwenye nyasi kavu, shehe na wajomba nyuma. Nilikuwa naogopa vibaya. Betri ni ya zamani, mashine ya zamani. Kama kingenyamaza, ningekuwa nimempoteza kaka yangu mara ya pili, tena mbele za watu. Nikakibana sikioni nisikie peke yangu. Nikabonyeza. Mbele yako. Tukaenda. Nikabonyeza. Na pale kabla ya kufikia miiba, si hapa pa Idi wala kule pa mjomba, nikakitoa sikioni, sauti ikatoka, nzito, ya pole pole, kama alivyokuwa akipokea simu asubuhi: "Nyumbani. Karibu."

Mkono wa Idi ulianguka kutoka begani kwangu. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu kaka yake afariki, na hata nilipomsimulia hakuamini kwamba bado imo humu. Alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, na nikamsikia analia. Mimi nikapiga magoti nikaanza kupapasa, maana kitasa unakitafuta mwenyewe. Mwiba ukanichoma, udongo, udongo, jiwe jembamba siyo, udongo. Kisha ngumi yangu ikazama kwenye kishimo.

Dua ikasomwa. Tukala wali nyumbani kwa shangazi, na Idi aliniwekea kipande cha nyama mkononi, na kwa mtu kama Idi hiyo ni hotuba. Ila kuna watu watasoma hapa waseme, vipofu na vimashine vyao. Haya. Wewe mwenye macho yako mawili, siku utakapolazwa huko chini na mchwa wakale kibao chako, nani atakuja kukutafuta, na atakupataje?